Mwanamke Aliyewashwa Bila Upele

Mliponiaga pale wodi ya wazazi mlinipa doti ya khanga, keki, na saa ya ukutani. Saa nimeitundika sebuleni. Inaenda vizuri, ingawa sina tena mahali pa kuwahi. Wakati tunakula ile keki mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu sawasawa kwa sababu ya kelele: kwa nini kila mama mjamzito akisema anawashwa, mimi Mama Veronika huacha nilichoshika na kumwambia akae chini? Siku hizi ugonjwa huo una jina refu na madaktari wenu wanalitamka bila kuvuta pumzi. Mimi niliukuta hauna jina. Mambo ya vyeo na mshahara mtayakuta kwenye faili langu, kama panya hawajafika huko. Haya hayamo.

Nilianza kazi enzi za Mwingereza, kwenye dispensari ndogo pale Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi ni Mngoni wa upande wa Songea, mtoto wa wakulima, na ziwa nilikuwa sijaliona. Nilishuka mlima wa kuelekea ufukweni, sanduku la bati kichwani. Siku hiyo ilikuwa ya mawingu na ng'ambo haikuonekana, nikadhani ni mto mpana, nikamwuliza tuliyefuatana naye njiani watu wanavukia wapi. Alicheka mpaka akatua mzigo.

Dispensari ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kimoja kilikuwa cha dawa, kingine cha kuzalishia, chenye kitanda cha chuma kilichopiga kelele kuliko wazazi. Nilikuta sufuria ya kuchemshia sindano, stovu ya mafuta ya taa iliyopenda kuzimika maji yakikaribia kuchemka, mabeseni ya enameli, na mizani ya ndoano. Pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto nilikuja nayo mwenyewe kutoka chuoni. Ilikuwa ya mti, imeng'aa kwa masikio ya walionitangulia.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Anselmi, Mnyasa wa hapo hapo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Watu walimwita mganga, naye aliitikia. Siku yangu ya kwanza alikuja baba mmoja na watoto wake, wote wakijikuna. Nikaenda moja kwa moja kwenye chupa ya dawa ya upele. Bwana Anselmi akaniondolea chupa mkononi, akawatoa wagonjwa nje, akawasimamisha juani nyuma ya ukuta wa matete. Chumbani mna giza, akasema, na ngozi inataka mwanga. Akanionyesha pa kutazama: katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kuzunguka kitovu, matakoni kwa wadogo. Halafu akauliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Mama yao, akajibu yule baba, na bibi. Bwana Anselmi akawarudisha wakawalete. Kumpaka dawa mmoja na kuwaacha wengine, aliniambia, ni kufuga upele.

Kwa hiyo nilijifunza ngozi kabla sijajifunza ziwa. Pale Mbaha watu walijikuna kwa mambo mengi. Waliooga penye matete walitoka wakiwashwa, na baadaye kichocho kikajitokeza. Waliokwenda kutafuta kuni waliangukia upupu. Waliolala nyumba moja na kuku walipata utitiri. Waliotoka milimani, kandokando ya mito ya kasi, walikuwa wameumwa na usubi. Kila mwasho ulikuwa na alama yake, na Bwana Anselmi alizisoma. Mara nyingi nilimsikia akitaja ugonjwa mtu akiwa bado anavua shati.

Emerensiana alikuja mimi nikiwa nimeshazoea harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, kiasi cha kutoisikia tena. Alikuwa Mmatengo wa Kingerikiti. Daudi, mvuvi wa Mbaha, alikuwa akipanda milimani na mizigo ya usipa wakavu kubadilishana na maharage, na safari moja akarudi na habari za msichana. Walipooana akamleta ufukweni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuweka kiganja mdomoni akicheka. Alikuwa na mimba ya tatu. Wawili wa kwanza walizaliwa nyumbani, kabla sijafika, na wote wawili walizaliwa wamekufa, wakubwa, wazima wa viungo, siku zikiwa karibu kutimia.

Alikaa kwenye benchi la kibaraza akisugua nyayo zake sakafuni, mbele na nyuma, kama mtu anayefuta kitu.

"Nesi," akaniambia, "nawashwa mpaka nasikia kulia."

Nilimpeleka juani. Katikati ya vidole palikuwa safi. Viwiko vya mikono safi. Tumboni, mgongoni, hapakuwa na kipele hata kimoja. Palikuwa na mistari ya kucha zake tu, mipya juu ya ya zamani, na mwasho wenyewe ulikuwa mkali zaidi kwenye viganja na nyayo, mahali ambapo upele wa watu wazima haupendi kukaa. Nikamwuliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Hakuna. Daudi alilala naye mkeka mmoja na ngozi yake ilikuwa laini kama ya samaki. Nikaweka pembe tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda vizuri.

Bwana Anselmi alimtazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema tumpake dawa ya upele, si kwa sababu anaamini, bali ili tuwe tumeuondoa upele kwenye mawazo yetu. Tulimpaka. Blanketi zilichemshwa. Mama Daudi, mama mkwe wake, aliwahamisha kuku wake wote kutoka nyumbani akawapeleka kwenye kibanda cha nyuma, ambako vicheche waliwashukuru. Emerensiana hakupata nafuu. Tukamwambia aache usipa, akaacha, akala ugali wa muhogo na majani ya kunde. Tukamwambia asiguse maji ya ziwa, na Daudi akawa anapanda kila siku kwenye chemchemi na ndoo, mwanamume mzima, wasichana wakimcheka njiani. Mwasho haukujua kwamba maji yamebadilishwa.

Kitu pekee kilichomtuliza kidogo kilikuwa ubaridi. Daudi alikuwa akipiga mbizi nje ya miamba, akiokota mawe laini ya chini kabisa, akimletea kwenye kapu lenye majani mabichi. Emerensiana aliyashika viganjani na kuyakanyaga. Yakipata joto, Daudi aliyarudisha ziwani akaleta mengine. Uvuvi aliuacha karibu wote. Nilipokwenda kwao kumtazama nilimkuta amechuchumaa miguuni pa mkewe, anayapanga yale mawe kufuata ukubwa.

Maneno hayakukawia. Wanawake wa ufukweni walisema ziwa limemkataa mtu wa milimani. Walisema kwa upole, wakimletea muhogo, lakini walisema. Yakapanda milimani na wabeba usipa, na huko yakageuka: kwamba ni watu wa ziwani wanaomlisha binti kitu, na wale watoto wawili walikufa kwa kitu hicho hicho. Asubuhi moja nikaona watu watatu wanashuka mlima. Walikuwa mama yake Emerensiana, Mama Kolumba, mwembamba kama mpini wa jembe, na kaka zake wawili wenye fimbo. Hawakwenda kwanza kwa mkwe. Walikuja kibarazani kwetu, kwa kuwa walisikia siku hiyo Emerensiana ana kliniki.

Niliwapa shikamoo, nikawapa maji. Mama Kolumba alijua Kiswahili cha sala na cha kusalimia, zaidi ya hapo alisema Kimatengo, na mimi Kimatengo sikijui. Ikabidi Emerensiana mwenyewe awe mkalimani wa kesi yake. Alitafsiri akiwa amesimama, mguu mmoja ukisugua mwingine. Mama yake alisema binti alipotoka nyumbani alikuwa mzima. Hapa amezika watoto wawili na sasa ngozi inamtoka. Amekuja kumchukua, leo hii, na hatarudi.

Mama Daudi alikuwa amefika, na watu wengine nyuma yake. Hakubisha. Alisema tu kwamba wale watoto wawili walikuwa wajukuu wake pia, na ni yeye aliyewaosha. Kisha akajifunika uso kwa khanga. Daudi alisimama pembeni na kapu lake la mawe, maji yakimdondokea miguuni. Nikawatazama wale kaka na fimbo zao, nikatazama ule mlima, nikafikiri juu ya mwanamke wa miezi minane anayetakiwa kuupanda kwa miguu.

Niliomba ruhusa niulize maswali yangu kwanza, halafu wafanye watakavyo. Mama Kolumba akatikisa kichwa kukubali. Kuna jambo lilikuwa limenikaa kichwani tangu nilipomwona Daudi akipanga mawe. Tulikuwa tumeuliza wapi panawasha, na nani mwingine anawashwa. Lini tulikuwa tumeuliza juu juu tu.

Nikamwuliza Emerensiana mwasho ulianza lini. Mimba ilipoingia mwezi wa saba, akasema. Na kwa wale wawili wa mwanzo? Akafikiri. Hata kwa wale aliwashwa, ila si kwa ukali huu. Uliisha lini? Akatazama chini. Siku chache baada ya kuzika. Na katikati, alipokuwa hana mimba, alikuwa hali usipa? Alikula. Haogi ziwani? Alioga kila siku. Hakuwashwa? Hakuwashwa hata mara moja.

Nikamwambia, "Muulize mama yako kama alipokubeba wewe naye aliwashwa."

Emerensiana alinitazama kwa mshangao. "Nesi, mtoto hamwulizi mamake hayo."

"Mwambie ni mimi ninayeuliza."

Akauliza, macho chini. Mama Kolumba aliwatazama wanawe wa kiume, na Bwana Anselmi, ambaye alikuwa anasikiliza dirishani mwa chumba cha dawa, akawaita wale vijana waje kumsaidia kuinua sanduku ambalo siku zote aliliinua peke yake. Walipoondoka, mama akaanza kusema, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu.

"Anasema aliwashwa," Emerensiana akatafsiri. "Anasema alijikuna kwa magunzi ya mahindi mpaka damu. Anasema kwa kaka zangu haikuwa sana. Kwangu ilikuwa sana, nami nilizaliwa kabla ya siku zangu. Na kabla yangu…"

Akamwuliza mama yake kitu kwa Kimatengo, na hilo nililielewa bila kutafsiriwa. Mama Kolumba aliinua vidole vitatu, akavirudisha haraka kwenye mapaja, kana kwamba vimechungulia bila ruhusa.

Hakuwahi kumwambia mtu. Wakati ule alidhani kila mwanamke huwashwa, na baadaye, watoto walipokufa, alidhani ni yeye peke yake, akaona aibu. Alikuwa amewazaa na kuwazika wote Kingerikiti, kwenye mashamba ya mahindi na kahawa, mbali kabisa na ziwa ambalo hakuwa amelitia mguu mpaka asubuhi ile.

Mama Daudi ndiye aliyesogea kwanza. Alivuta mkeka wake akaketi karibu na mkwe mwenzake, mabega yakigusana. Lugha moja hawakuwa nayo.

Bwana Anselmi alitoka nje, akamsimamisha Emerensiana juani, akamvuta kope ya chini. Weupe wa jicho ulikuwa na umanjano hafifu sana. Akamwomba mkojo kwenye chupa, nao ulikuwa mweusi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Aliishika ile chupa juu kwenye mwanga.

"Ini," akasema. "Mimba inalisumbua ini. Zaidi ya hapo sijui, Nesi. Mpeleke kwa daktari, leo."

Zile fimbo za kaka zake zilifaa. Tulifunga blanketi tukapata machela, na waliokuja kumwondoa kwa mume wakambeba pamoja na mume. Mama Daudi alitoa blanketi yake nzito, ya kulalia. Kila tulipotua nilipiga magoti njiani na pembe yangu, na watu wote wakaacha kupumua mpaka niinue kichwa na kusema yupo. Juu mlimani tukapata lori la kahawa, na dereva akapanga upya magunia yake mwenyewe ili Emerensiana alale.

Daktari wa hospitali tuliyofikia huko milimani alikuwa Mzungu mzee, mwenye Kiswahili chake binafsi ambamo watu na vitu vyote vilikuwa na ngeli moja. Lakini alijua kusikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akampima Emerensiana, akamtafuta nesi Mmatengo amwulize Mama Kolumba kila kitu upya. Kisha akatuketisha wote, pamoja na mgonjwa, akatwambia anachojua na asichojua. Alisema nyongo inaingia kwenye damu badala ya kushuka tumboni, ndiyo inayowasha, na mtoto akizaliwa huisha. Aliwahi kuona mama mmoja wa namna hiyo kwao Ulaya. Vitabu vyake vilisema mama hupona. Kuhusu mtoto havikusema la kufanya. Yeye aliona kwamba watoto wa familia hii hufa siku za mwisho, na aliyezaliwa mapema ndiye huyu aliyekaa mbele yetu. Anaweza kuanzisha uchungu sasa. Ila mtoto atakuwa mdogo, na mtoto mdogo anaweza kushindwa kupumua.

Emerensiana akauliza, "Tukingoja?"

"Sijui, mama."

"Tusipongoja?"

"Sijui vilevile. Ila leo anacheza."

Akamgeukia Daudi. Daudi alikuwa mtu wa maneno machache na nilidhani atasema uamuzi ni wa daktari. Alisema, "Wawili tuliwangoja."

"Basi tusingoje," mkewe akasema.

Tulimpa mafuta ya nyonyo kwenye maji ya machungwa. Yeyote kati yenu aliyewahi kuyanywa hahitaji maelezo. Tukampiga enema ya kusafisha tumbo, tukamwogesha maji ya moto, tukamtembeza bustanini, mama yake akimshika mkono. Siku ile haikutokea kitu. Kesho yake daktari akapasua chupa ya uzazi, na maji yakatoka ya kijani, dalili kwamba mtoto anataabika ndani. Nilimtazama daktari, naye akanitazama, kisha tukainamia kazi kwa kuwa Emerensiana alikuwa anatutazama wote wawili. Tangu hapo sikuondoa sikio kwenye pembe ila kumpisha mama akisukuma. Moyo ulipungua, ukarudi. Ukapungua tena.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, mdogo, wa rangi ya zambarau na kimya. Nikamvuta ute kinywani kwa mpira. Nikamsugua mgongo. Daktari akaweka mdomo wake juu ya uso ule mdogo akapuliza, kidogo kidogo, mashavu yake tu, kama mtu anayepoza uji. Halafu kikasikika kitu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kikarudia. Emerensiana akauliza ni nini, nikamwambia ni mwanao analalamika.

Tulimviringisha kwa pamba, tukamwekea chupa ya maji ya moto ubavuni, tukamnywesha maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone kwa tone. Siku za kwanza sikuthubutu kumwita mtoto. Nilimwita mgeni. Daudi alifika mlangoni mwa wodi kila asubuhi na kusimama hapo na kofia mkononi mpaka nimwambie mgeni bado yupo.

Asubuhi moja nikamkuta Emerensiana amelala chali. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, viganja wazi, havitembei. Sikuwahi kuiona imetulia. Nilitakiwa kumwamsha akamue maziwa. Nilisimama na kikombe changu nikiitazama ile mikono, mpaka Mama Kolumba, aliyekuwa chini kando ya kitanda, akanivuta gauni na kuniashiria nimwache kwanza.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto alikuwa ameongezeka uzito na kupata sauti ya kudai haki. Emerensiana alikuwa ndani anafunga mizigo. Daudi alikwenda kutafuta lori. Nilimkuta Mama Kolumba kwenye ngazi ya nyuma ya wodi, amempakata mjukuu wake juani. Aliniashiria nikae. Siku zote zile hakuwa amesema nami Kiswahili zaidi ya asubuhi njema na Tumsifu Yesu Kristo. Sasa alisema, akichagua neno moja moja kama anachambua maharage, na nikaelewa kwamba hili hakutaka kulipitisha kwa binti yake.

"Nesi. Wale wangu. Ni hii?"

"Nadhani ni hii, Mama."

"Si kuni? Nilibeba kuni nyingi."

"Si kuni."

Akamtazama mtoto. "Niligombana na mama wa mume wangu. Sana. Mimba ikiwa kubwa."

"Hapana, Mama. Hukufanya kitu. Ni nyongo tu."

Hakulia. Alikaa akimkinga mtoto jua kwa kiganja, akikisogeza kila jua liliposogea. Nilidhani mazungumzo yameisha na nikataka kuinuka. Ndipo akasema kwamba wale watatu hawakubatizwa, kwa hiyo hawana majina kanisani. Lakini yeye aliwapa. Kila mmoja alimpa jina lake, kimya kimya, asijue hata mumewe.

Akaniambia majina yao. Nikayarudia moja moja ili nisikosee, na lile la mwisho ulimi wangu wa Kingoni ukalipinda. Akanisahihisha. Nikalisema tena, na safari hii akatikisa kichwa kwamba ndivyo anavyoitwa.